Nati Nne za Gari la Mke Wangu

Niseme mapema tusipotezeane muda: mimi ni fundi mzuri. Niliacha shule darasa la sita, na hesabu nyingi ninazozijua nimefundishwa na chuma. Chuma hakina upendeleo. Ukikosea nusu milimita kinakuambia hapo hapo, na hakikuambii kwa adabu.

Nina karakana ya kukereza vyuma. Ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, mashine ya kukereza iliyozaliwa kabla yangu, keekee ya kusimama ya kutobolea, jiliwa la kubania vyuma, na benchi lenye mikwaruzo mingi kuliko uso wa bondia. Ukuta mmoja na mimi yuko fundi wa kuchomelea, mtu mnene anayeimba wimbo mmoja kutwa nzima, na maneno yake anayajua nusu.

Mke wangu anaendesha gari la kupeleka watoto shule. Watoto wanamwita Mama Breki, maana akiona hata kuku amesogea ukingoni anasimama mpaka mabegi yanaruka. Wazazi wanampenda kwa sababu hiyo hiyo. Hajawahi kugonga kitu. Zamani, kabla ya gari, alikuwa akinisaidia karakana. Mwaka niliovunjika mkono ndiye aliyeshika mashine miezi minne. Mimi nilikaa kwenye kiti nikimwelekeza kwa mdomo. Nilimwelekeza vizuri sana. Hakuna mteja aliyerudisha kazi.

Asubuhi moja alitoka kwenda kuwasha gari, akarudi ndani hajakaa dakika.

"Baba watoto, njoo uone gari lako."

Nikajua kuna baya. Gari likiwa zima huwa ni lake. Likiharibika ndipo linakuwa langu.

Lilikuwa juu ya matofali. Magurudumu yote manne, hakuna. Lazima niseme ukweli, wezi walikuwa wamepanga yale matofali kwa ustadi, gari limekaa sawa kuliko mafundi wengine wanavyoliweka. Majirani walikuja kutazama, mikono nyuma, kama watu waliokuja kuona maiti. Fundi wa kuchomelea naye akafika, akazunguka gari mara moja, akasema, "Kinyozi hajinyoi."

"Una maana gani?"

"Nina maana wewe ni fundi wa nati mtaa mzima, na gari la mkeo limevuliwa viatu."

Tulikaa siku nne bila gari, mpaka nilipopata magurudumu ya mitumba. Wazazi wawili wakahamishia watoto wao kwa dereva mwingine. Mke wangu hakunilaumu. Alikuwa anaamka saa kumi na moja kama kawaida, anavaa, anakaa kwenye kiti cha jikoni na ufunguo wa gari mkononi. Heri angenitukana.

Siku ya tano nikafunga mlango wa karakana nikaanza kazi.

Nati ya kawaida ina pembe sita. Pembe hizo ndizo spana inazozishika, na kila mwenye spana ni ndugu yake. Ya kwangu nikaikereza mviringo, laini kama yai, spana haina pa kushika. Usoni nikaitoboa matundu matatu, lakini si kwa umbali sawa: mawili yamekaribiana kama wachumba, la tatu limekaa pembeni kama mkwe aliyenuna. Ufunguo wake ni kipande cha chuma cha kutosha kiganja. Upande mmoja una vidole vitatu vinavyoingia kwenye matundu hayo na si mengine. Upande wa pili una pembe sita za kushikwa na spana. Bila ufunguo huo, nati haitoki.

Lakini wezi wa magurudumu si wajinga. Nati ya mviringo wanaifungua hivi: wanatafuta soketi kuukuu ya spana, ndogo kidogo kuliko nati, wanaipigilia kwa nyundo mpaka ing'ang'anie, kisha wanazungusha. Nililijua hilo. Kwa hiyo kila nati nikaivisha pete ya chuma inayozunguka bure. Pigilia soketi yako utakavyo, umeshika pete. Unazungusha, pete inazunguka, nati imetulia inakuangalia.

Nikatengeneza nne, moja kwa kila gurudumu. Zilizobaki ni za kawaida. Mlango mmoja hauhitaji makufuli matano.

Wiki tatu baadaye mke wangu aliniita tena nje, na safari hii alikuwa anacheka. Kwenye gurudumu la nyuma kulia kulikuwa na soketi iliyopigiliwa, imekwama kwenye pete yangu. Rangi ya rimu ilikuwa imechubuka. Nati ilikuwa pale pale. Na chini ya gari, wezi walikuwa wameacha jeki. Jeki nzuri, ya mafuta, mpya kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho nyumbani.

"Wamekimbia nini?" mke wangu akauliza.

"Aibu," nikasema.

Ile soketi niliikata nikaitoa, nikaitundika juu ya mlango wa karakana watu waione. Jeki mke wangu akaipakia kwenye gari. Yetu ilikuwa inavuja. Kuanzia hapo sikupumzika. Walikuja madereva wa teksi, akaja daktari wa meno, akaja mwalimu mkuu wa shule ile ile ambako mke wangu anapeleka watoto. Kila gari lilipata mpangilio wake wa matundu, na hakuna mawili yaliyofanana. Mtu akiniuliza kama nati zangu zinafunguka bila ufunguo wake, nilimwonyesha ile soketi juu ya mlango na kumwambia, "Waulize wenyewe wakija kuifuata."

Kisha shemeji yangu akaniharibia jina.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu, dereva wa teksi, kijana mwenye moyo safi na kichwa chepesi. Nilimtengenezea nati nne kama zawadi. Mwezi haujaisha akaja karakana kwa miguu.

"Shemeji, wamechukua magurudumu."

"Haiwezekani. Wamevunja nati?"

"Hawakuvunja."

"Sasa wamefunguaje?"

Akaangalia viatu vyake. "Walivunja kioo."

"Kioo kinahusiana nini na gurudumu?"

"Ufunguo ulikuwa kwenye droo ya dashibodi."

Nilikaa chini. Fundi wa kuchomelea, aliyekuwa anasikiliza mlangoni kama kawaida yake, alicheka mpaka akashika ukuta. Wezi walikuwa wamefungua nati zangu kwa ufunguo wangu, vizuri, bila mkwaruzo. Na kwa heshima wakazipanga zote nne juu ya kiti cha dereva.

Siku hiyo nikatunga sheria: ufunguo wa nati haukai ndani ya gari. Kwa wateja nikawaambia wauweke nyumbani au mfukoni. Kwa gari la mke wangu nikauvalisha kamba ya kiatu nikauweka shingoni mwangu.

"Shingoni mwako kwa nini?" mke wangu akauliza. "Gari naendesha mimi."

"Wewe unapoteza vitu. Juzi umetafuta miwani nusu saa, ipo kichwani."

"Na nikipata pancha?"

"Unanipigia simu, nakuja."

"Na usiposikia simu?"

"Tangu lini mimi sisikii simu?"

Alichukua ufunguo wa gari mezani. Kisha akasema, "Sawa, fundi." Mke wangu akiniita fundi ndani ya nyumba, siyo sifa.

Siku chache baadaye nilikwenda kijijini kumzika mjomba, nikakaa siku mbili. Niliporudi nikakuta kipande cha chuma kimepotea kwenye benchi, chuma kizuri kigumu, nilichokuwa nimekitenga. Nikamwendea fundi wa kuchomelea moja kwa moja.

"Nirudishie chuma changu."

"Chuma gani?"

"Unakijua."

"Ndugu yangu, mimi nina vyuma hapa vya kuzamisha meli. Cha kwako nikifanyie nini, nikichemshe?"

Sikumwamini. Tulinuniana wiki tatu. Aliendelea kuimba, lakini alikuwa anaimba akiangalia upande mwingine.

Ikafika siku ya mtihani wa mwisho wa darasa la saba. Mke wangu alikuwa na watoto wanane wa mtihani kwenye gari lake. Mwalimu mkuu alishatangaza kwa wazazi: geti linafungwa saa mbili kamili, na atakayekuta limefungwa atarudi mwakani. Usiku wake mke wangu alikagua maji, oili, na upepo wa matairi. Alipangusa hata viti kwa kitambaa. Saa kumi na mbili asubuhi akaondoka, nami nikaenda karakana mapema kwa sababu nilikuwa na shafti ya pampu ya maji ya kumaliza.

Simu yangu niliiweka kwenye droo ya benchi. Huwa naiweka humo, ili vumbi la chuma lisiingie.

Mashine ya kukereza ikiwa inakula chuma kigumu, hata ukipigwa risasi nyuma utajua baadaye. Nilimaliza shafti, nikaipima, ilikuwa kamili. Nikaridhika na nafsi yangu. Nikafungua droo kutazama saa. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini, na mke wangu alikuwa amenipigia mara kumi na moja.

Kulikuwa na ujumbe mmoja: *Pancha. Njia panda ya kiwandani. Ninao wote wanane. Njoo na ufunguo.*

Alikuwa ameutuma saa moja kasoro dakika tano.

Sikufunga mlango. Nilikimbia barabarani na aproni yangu, nikasimamisha pikipiki ya kwanza, nikamwambia dereva aendeshe kama anamkimbiza mke wake hospitali. Nikampigia simu mke wangu, haikupokelewa. Ufunguo ulikuwa unanigonga kifuani kila tulipopita tuta. Nilipiga hesabu: kutoka njia panda mpaka shuleni ni nusu saa. Tutafika njia panda saa moja na dakika arobaini. Kufungua, kubadilisha, kufunga: dakika kumi. Hata mashine ya kukereza ingejua hesabu hiyo haikubali. Watoto wanane watapoteza mwaka mzima kwa sababu ya shingo ya mtu mmoja. Nilifikiria nitawaambia nini wazazi wao. Nilifikiria nitamwambia nini mke wangu, nikaona heri wazazi.

Tulipofika njia panda, gari halikuwepo.

Nilizunguka pale kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Ardhini palikuwa na alama ya mguu wa jeki. Pembeni, chini ya mwavuli, alikuwa amekaa fundi viatu akishona soli.

"Mzee, umeona gari la shule hapa?"

"La yule mama wa breki? Limeondoka. Kama robo saa hivi."

"Limeondokaje? Lilikuwa na pancha!"

"Akabadilisha gurudumu."

"Nani alimfungulia?"

Fundi viatu akatoa sindano mdomoni. "Alifungua mwenyewe. Watoto walikuwa wanamhesabia. Nilikwenda kumpokea spana akaniambia nikae nisimchafulie kazi."

Nilipiga magoti pale pale nikaanza kutafuta vipande. Ikiwa gurudumu limetoka, basi nati yangu imevunjwa, na ikiwa imevunjwa lazima kuna mabaki. Nilipekua mchanga kwa vidole. Hakukuwa na kipande, hakukuwa na unga wa chuma, hakukuwa hata na mkwaruzo wa nyundo kwenye jiwe.

"Umepoteza pete ya ndoa?" fundi viatu akauliza.

"Bado," nikamjibu, nikarudi kwenye pikipiki.

Niseme ukweli wangu wote. Nilipaswa kuwa nafurahi, na nusu yangu ilikuwa inafurahi. Nusu nyingine ilikuwa imekasirika. Kuna mtu amefungua nati yangu, na ufunguo uko shingoni mwangu. Wezi wameshindwa, nyundo imeshindwa, halafu barabarani, mchana kweupe, imefunguka mbele ya watoto na fundi viatu.

Geti la shule lilikuwa limefungwa. Gari la mke wangu lilikuwa nje kando ya ukuta, mlango wazi, naye amekaa kwenye ngazi ya gari anakula mkate. Alikuwa na alama ya grisi kuanzia paji la uso mpaka shavuni.

"Wameingia?" nikauliza.

"Wote wanane. Mlinzi alikuwa ameshashika kufuli." Akatafuna. "Mmoja amesahau kalamu, nikampa yangu."

Nilitaka kusema alhamdulillahi, lakini kilichotoka mdomoni kilikuwa kingine. "Umefunguaje nati yangu?"

"Kaa kwanza."

"Nimesimama vizuri."

Akafuta mikono kwenye kitambaa, akavuta mkoba wake, akatoa leso iliyofungwa fundo. Akaifungua. Ndani kulikuwa na kipande cha chuma cha kutosha kiganja. Vidole vitatu: viwili vimekaribiana, cha tatu kimekaa pembeni kimenuna.

Nilikikodolea macho. Kisha nikakaa.

"Chuma hiki," nikasema.

"Ndicho chenyewe. Ukirudi kamwombe radhi mwenzio."

"Umetengenezewa na nani?"

Hapo ndipo alipoacha kutafuna. "Nimetengenezewa? Miezi minne nilishika mashine yako mkono wako ukiwa kwenye plasta. Mteja gani alirudisha kazi?"

"Lakini matundu umeyapimaje?"

"Nilichukua sabuni ya kufulia, nikaikandamiza kwenye nati. Zile siku mbili ulizokwenda kumzika mjomba. Ufunguo wa kwanza ulivunjika vidole. Nilikuwa nimeupoza kwenye maji. Halafu nikakumbuka wewe unaupasha moto mpaka uwe mwekundu, unauzamisha kwenye oili. Nikafanya wa pili."

Nikauchukua mkononi. Nilitaka kuona kosa. Nimekagua kazi za watu miaka ishirini na tano na kosa huwa naliona kabla sijavaa miwani. Niliugeuza, nikaupitisha ukucha, nikauinua kwenye mwanga. Umbali ulikuwa sawa. Pembe zilikuwa sawa. Tupa ilikuwa imepita upande mmoja tu, kama nilivyomfundisha. Tofauti niliiona kwenye ncha za vile vidole. Vyangu nilivikata vikawa bapa, na kila mara ilinibidi kutafutatafuta tundu kabla havijaingia. Yeye alizisugua ncha kidogo kwa tupa zikawa za mviringo, kama ncha ya penseli iliyotumika. Nikainama kwenye gurudumu nikajaribu. Uliingia wenyewe, bila kuuliza.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesemaje?"

Nikafikiri. "Ningesema nati zangu hazinakiliwi."

"Basi."

"Na kama ulikuwa nao, mbona umenipigia mara kumi na moja?"

"Nilikuwa nakusitiri. Nilitaka uje wewe, watoto wamwone fundi. Mara ya kumi na moja nikasema, huyu mzee aibu ameitafuta mwenyewe. Nikashusha jeki ya wezi nikafanya kazi."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Lakini jambo moja lilikuwa bado linanichoma, nikamwambia. Ikiwa yeye ameweza kwa kipande cha sabuni, hata mwizi ataweza.

"Mwizi," akasema, "atakaa na wewe miaka ishirini na mbili? Atasikiliza habari za oili na tupa kila jioni wakati chakula kinapoa? Atavumilia?" Akanipa kipande cha mkate. "Hakuna mwizi wa namna hiyo. Mwache aje."

Nikatoa kamba shingoni nikampa ule wa kwangu. Akaurudisha.

"Kaa nao. Lazima kuwe na wa akiba."

Tulisubiri pale mpaka saa sita. Watoto walipotoka walikuja mbio, na kabla hata ya kusema mtihani ulikuwaje, yule mfupi kuliko wote akaniuliza, "Wewe ndiye fundi wa nati?"

Nikamwambia, "Mimi ni mume wa fundi wa nati."

Mke wangu akajifanya hajasikia, lakini siku hiyo alipita tuta la kwanza bila breki.

Jioni nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea nikamwomba radhi mbele ya wateja wake. Aliniambia nirudie, hakusikia vizuri. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena kwa ajili ya waliokaa nyuma. Kisha akaanza kuimba, akiangalia upande wangu.

Sasa kila mteja wa nati anapewa funguo mbili. Wa kwanza nautengeneza mimi. Wa pili anautengeneza mke wangu siku za Jumamosi, gari likiwa limepumzika. Anavaa aproni yangu ya zamani na kunifukuza kwenye mashine yangu mwenyewe. Juu ya mlango, chini ya ile soketi ya wezi, nimetundika ule ufunguo wake uliovunjika vidole. Alisema niutoe, ni kosa. Nilimwambia mafundi wengi hawana hata kosa zuri kama lile.

Wiki iliyopita alirudi yule daktari wa meno. Nilidhani ana malalamiko, maana alikuja ameshika funguo zake zote mbili.

"Fundi," akasema, "huu wa pili unaingia vizuri kuliko wa kwanza."

"Najua," nikamwambia.